Vita vya Matundu Mawili Nyuma ya Amplifaya

Sogeeni, enyi wenye masikio, nanyi mlioyaziba kwa pamba. Sogeeni wakwasi na makabwela, mkae kitako mnisikilize, kwa kuwa ninalo neno zito kuliko hotuba zote zilizopata kusomwa katika ukumbi wetu wa mtaa, ambazo, Mungu ni shahidi, zilikuwa nyingi na hazikumshibisha mtu. Nawasimulia siku ile mimi, fundi viatu, mgane wa miezi minane, amiri wa sindano na nta, mpiga gitaa wa bendi ya mtaa, nilipopiga magoti nyuma ya amplifaya nikapigana na matundu mawili, na ni mmoja tu aliyetoka mshindi.

Nakuita wewe, marehemu mke wangu, Malkia wa Nyaya, uliyeondoka bila kuniachia maelezo. Nishike mkono, maana kalamu ni nzito na shule niliishia darasa la nne, tena mlangoni.

Chanzo cha vita, kama chanzo cha vita vyote, kilikuwa Kamati. Wageni walikuwa waje saa kumi kuukagua ukumbi, na Mwenyekiti, mtu ambaye hajapata kuinua kitu kizito kuliko kipaza sauti, akaamuru kuta zipakwe rangi na vyombo vyote vifutwe. Basi wakaichomoa amplifaya ambayo sikuthubutu kuigusa tangu mazishi. Na zile nukta mbili za rangi ya kucha, nyekundu na nyeupe, ambazo mke wangu alizipaka juu ya matundu ya nyuma ili kila waya ujue mlango wake, wakazifuta kwa spiriti, na herufi za kiwandani nazo zikaenda zao. Uchafu, walisema! Herufi sikuzililia, mimi nazo tunasalimiana kwa mbali. Nililia nukta.

Asiyejua na ajue. Sauti hutoka kwenye gitaa, ikaingia kwenye kisanduku cha kukanyaga kwa mguu, ikaenda mbele ya amplifaya. Ikiisha kupata nguvu, hutokea tundu moja la nyuma, ikarudi kisandukuni kuvishwa mwangwi, kisha ikaingia tundu la pili la nyuma ndipo ifike kwenye spika. Ni safari ya raia anayetumwa ofisi hii kwenda ile kutafuta muhuri, ila hii ina mwisho. Na ndani ya kisanduku, kwenye kitufe namba saba, umo mwangwi aliouunda mke wangu kwa mikono yake, Jumapili baada ya Jumapili. Hauko kwingine duniani.

Nikachomeka nyaya zote. Nikakanyaga namba saba. Nikapiga. Kimya.

"Mzee," Mwenyekiti akanena toka mlangoni, suti imemkaa kama pazia, "saa kumi si mbali. Hicho kidude kikigoma, kinakwenda stoo. Na stoo tunaisafisha kesho."

Nami nilishajua wao wakisema kusafisha wana maana gani.

Nikasimama, nikainua bisibisi kama upanga, nikahutubu: "Enyi nyaya, wana wa shaba, mliovikwa ngozi nyeusi! Nani kati yenu amenisaliti? Ajitokeze sasa, kabla ghadhabu yangu—"

"Shemeji," akasema dada wa marehemu mke wangu, mshona nguo, aliyekuwa akipiga pasi mapazia pale jukwaani, "hizo si wajumbe wa Kamati. Haziwezi kukaa zikakusikiliza bure."

"Niache, shemeji. Niko vitani."

"Vitani, na suruali imepasuka nyuma."

Shujaa hatazami nyuma. Nikaanza kampeni. Kwanza nikalichomeka gitaa moja kwa moja mbele ya amplifaya: likanguruma. Basi gitaa lilikuwa hai, na amplifaya ilikuwa hai. Kisha nikapitisha kisandukuni, nikaacha nyaya mbili za nyuma zikining'inia: likalia pia, lakini kavu, bila mwangwi, kama mtu aliyetolewa bafuni na moto. Nikazirudisha zile mbili mahali pake: kimya cha kaburi. Adui akawa amejulikana. Alikuwa nyuma, na alikuwa na macho mawili meusi.

"Si ililia sasa hivi?" Mwenyekiti akauliza. "Piga hivyo hivyo kavu. Inatosha."

Inatosha! Neno hilo ndilo lililojenga barabara zetu.

Nikakagua vichwa vya waya, nikavisugua kwa kitambaa, nikavipuliza. Kubadilisha matundu? Katu. Waya mmoja kichwa chake kimepinda, wa pili kimenyooka, na kwa miaka kumi na mmoja nilimwona mke wangu akichomeka kilichopinda kulia. Ningeapa mbele ya hakimu.

"Kulia," nikamwambia shemeji. "Kilichopinda kulia, kila Jumamosi."

Akaweka pasi chini. "Ulikuwa umekaa wapi ukimwangalia?"

"Kwenye kiti changu. Mbele."

"Na yeye?"

"Hapa nilipo. Nyuma, ananitazama."

Shemeji akasogea mbele ya amplifaya. Alinikabili, akainua mkono wake wa kushoto, akaupunga taratibu. Nao ulikuwa upande wangu wa kulia.

Enyi vizazi vijavyo, iandikeni saa ile: saa tisa na dakika hamsini! Miaka kumi na mmoja nilimtazama yule mwanamke, na sikuwahi hata siku moja kukaa alipokaa yeye. Nikachomoa. Kilichopinda nikakipeleka kushoto, kilichonyooka kulia. Nikapiga noti moja.

Ikaondoka, ikagonga ukuta wa rangi mbichi, ikarudi mara tatu, kila mara kwa sauti ya chini zaidi, kama mtu uliyemwita naye anaitikia akiwa jikoni.

Shemeji akageuka kuyatazama mapazia. Pasi ilikuwa imeshapoa lakini aliendelea kuipitisha.

"Kumbe kizima," akasema Mwenyekiti. Na wageni walipoingia akatangaza kwamba Kamati, kwa juhudi zake, imefanikisha ukarabati wa mitambo ya sauti. Wakampigia makofi. Nami nikapiga makofi, maana mikono ilikuwa mitupu.

Lakini wageni walipoondoka nilikwenda kuchukua sindano yangu ya viatu. Juu ya kila tundu, katika ngozi inayoifunika amplifaya yenyewe, nikashona nukta: nyekundu kwa uzi mwekundu penye kichwa kilichopinda, nyeupe kwa mweupe penye kilichonyooka, mishono tisa tisa, iliyotiwa nta. Shemeji alinishikia taa. Falme zitaanguka, kamati zitavunjwa, hiyo hasa naiombea, na mishono ile itakuwapo. Spiriti haitoi uzi.