Mashati Sita ya Baba

Jumatatu, 3 Juni

Mama ametoa mashati ya Baba leo. Sita. Ameyatoa sandukuni moja moja, akayapanga juu ya meza ya kulia chakula, mimi upande huu, Dada upande ule, kama watoto wanaosubiri kugawiwa madaftari. Anataka ashonewe blanketi la viraka.

Hajaomba kitu tangu tumzike Baba, na huu ni mwezi wa tatu. Tangu ahamie kwetu hajalala kitandani hata mara moja. Analala ameketi, kwenye kiti cha sebuleni, miguu juu ya kigoda. Kitanda anasema ni kikubwa mno kwa mtu mmoja. Lakini akilipata blanketi hilo atajaribu. Amesema hivyo kwa kinywa chake, kwamba atajaribu.

Nimelia kidogo jikoni. Kisha nikaanza kupanga.

Tatizo ni Dada. Dada ni fundi wa sare za shule. Ana cherehani mbili na mdomo mmoja unaofanya kazi ya cherehani tatu. Mama ametuagiza tushone pamoja, kwa kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Nimeitikia. Lakini ukishona na Dada, watu watasema kashona Dada. Mimi ni karani wa maktaba, nilijifunza kufuma mwaka niliovunjika mguu, na kwa miaka minne hakuna nguo yangu iliyovaliwa na mtu yuleyule mara mbili. Sweta niliyomfumia mke wangu ina mkono mmoja unaoishia kwenye kiwiko. Yeye husema anaitunza.

Hili la Mama litakuwa langu. Peke yangu. Dada ameondoka na mashati ndani ya mfuko wa kitambaa, akitembea kama mshindi.

Jumanne, 4 Juni

Nimepita dukani kwa Dada baada ya kazi. Nimemwambia kwamba Mama anataka kuyashika mashati mara moja tena kabla hayajakatwa. Dada macho yakamlowa, akanipa mfuko mara moja, akaongeza na maandazi ya Mama.

Si uongo mkubwa. Huenda Mama anataka kweli, hajaulizwa tu. Maandazi nimeyafikisha.

Alhamisi, 6 Juni

Msiba mdogo wa nyumbani. Jana nilichemshia nyuzi kwenye sufuria ya wastani, rangi ya nili, kwa ajili ya soksi. Niliiosha. Naapa niliiosha. Leo mke wangu, ambaye ni muuguzi na alikuwa amesimama wodini saa kumi na mbili mfululizo, kapikia wali humo. Umetoka wa samawati.

Hakupiga kelele. Aliitazama sahani yake, akaniuliza kwa ile sauti anayoitumia kwa wagonjwa mahututi, kama sufuria hii ndiyo ile. Nikasema inategemea ile ipi. Tumekula mkate. Amri imetoka: nyuzi, rangi, siki, shabu na mimi mwenyewe, sote tuhamie baraza ya nyuma. Jiko ni la binadamu.

Huko barazani ndiko nilikoyatandaza mashati kuyakagua. Loo! Meupe mawili, la mistari, la kijani, la kahawia, la drafti. Hayapatani hata kidogo. Na madoa! Baba alikuwa mpiga chapa miaka arobaini na minne, na wino wote alioshindwa kuupeleka kwenye karatasi aliurudisha nyumbani. Kwenye mfuko, kwenye kola, kwenye mikono yote. Shati jeupe la zamani zaidi lina doa kifuani pana kama kiganja.

Nimejiuliza swali la haki kabisa. Mama alale chini ya uchafu huu?

Hapo ndipo wazo liliponijia. Dada angeyaunga tu jinsi yalivyo, kwa vile Dada anajua kuunga. Kutia rangi hajui. Nitayatoa madoa yote, kisha nitayatia yote nili moja iliyokolea. Blanketi zima rangi moja, kama limetoka kiwandani!

Binti yetu ana miaka tisa na tunamwita Hakimu, kwa sababu hakuna kesi ya nyumba hii isiyopita kwake. Amesimama mlangoni akauliza kama Bibi anajua. Nimemweleza kwamba mwenye kupewa zawadi haulizwi. Akauliza tena, zawadi gani, si mashati ni yake tayari? Nimemtuma akalete ndoo.

Jumamosi, 8 Juni

Dawa ya madoa siku nzima jana. Wino wa Baba ni mkaidi kama Baba. Doa la kifuani limenitoa jasho: nimesugua, nimeloweka, nimesugua. Saa tano asubuhi likakata tamaa kabla yangu.

Kisha nili. Mashati sita ndani, mashati sita nje, na hakuna mtu duniani anayeweza kusema hili lilikuwa lipi. Yananing'inia kwenye kamba yakichuruzika, yamelingana kama askari. Sijawahi kufanya kazi nzuri hivi. Nimetamani Baba angeiona.

Jumatano, 12 Juni

Nashona kwa mkono, maana cherehani ziko kwa adui. Nimefika nusu. Maktabani nimeficha viraka chini ya rejesta, nashona watu wakiwa rafuni. Msomaji mmoja ameomba kamusi, nikampa kiraka.

Jioni Dada kaja kuulizia mfuko. Nimempokea getini. Nimemwambia kwamba Mama bado hajamaliza kuyashika, anayashika polepole, na sasa hivi amesinzia. Dada alikuwa anaangalia mikono yangu. Samawati hadi kwenye viwiko. Nimesema ni wino wa mhuri, tumekuwa na vitabu vingi vipya.

Akasema mihuri ya siku hizi inagongwa kwa viwiko, haya. Akaondoka bila kuaga.

Jumapili, 16 Juni

Limekwisha. Nimewakusanya wote sebuleni baada ya chakula cha mchana: Mama kitini, mke wangu, Hakimu, na Dada, ambaye nilimwalika kwa makusudi ashuhudie. Nililifunua kwa mkupuo mmoja.

Mama alilivuta magotini. Akapitisha kiganja juu yake, toka ukingo huu hadi ukingo ule, kisha akaanza tena. Nikadhani anavutiwa na mshono. Akauliza taratibu shati jeupe ni lipi. Nikacheka kwa furaha, nikamwambia hapo ndipo penye ufundi, halijulikani! Akauliza lile doa la kifuani. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nimelitoa lote, limenichukua siku mbili.

Mama akasema ahsante, baba, umejitahidi. Akalikunja mara nne. Akaliweka kwenye mkono wa kiti.

Nilimngoja Dada aseme. Alivaa viatu vyake, akambusu Mama, akatoka, na mimi ningetoa chochote anitukane.

Ni Hakimu aliyenipa hukumu, jikoni, huku akifuta vyombo. Bibi humsimulia yale madoa kila akitoka shule. Kila doa lina siku yake. Lile la kifuani ni la siku niliyozaliwa mimi. Baba aliacha mashine inazunguka, akakimbia hadi hospitali bila kunawa, na walipompa mtoto akajifuta mkono kifuani, kwenye shati lake jipya, asije akanichafua.

Siku mbili nimesugua. Nilikuwa najisugua mwenyewe. Nimekaa kwenye ngazi za nyuma mpaka mke wangu akaja kukaa nami. Hakunifariji, ila alikaa.

Mama amelala kitini.

Jumatatu, 17 Juni

Nimeamka na mpango! Maji yakimwagika hayazoleki, sawa. Lakini wino unanunulika.

Nimeomba ruhusa maktabani, nikaenda kiwanda cha uchapaji alichofanyia kazi Baba. Wenzake wa zamani wamenizunguka, wamenishika mabega, wamesema nina pua yake. Nimewaomba wino mweusi kidogo. Msimamizi, mzee mkimya mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ameuliza wa nini. Nikamwambia wa kumbukumbu. Akanijazia kopo zima na kukataa shukrani.

Barazani nikapiga moyo konde. Nilichovya kiganja, nikakibandika penye kiraka ninachokisia ni cha lile shati jeupe. Nyeusi juu ya nili haionekani. Nikabandika tena. Na tena, kwa nguvu. Sasa inaonekana. Kisha vidole kwenye kola, kidole gumba mfukoni, mstari mmoja mkononi kwa ajili ya uhalisi. Nimepiga pasi lisitoe wino.

Hakimu amelitazama akasema linafanana na blanketi lililokamatwa na polisi. Nimemwambia kesi hii haimhusu. Nimelirudisha kwenye mkono wa kiti likiwa limekunjwa vilevile, mara nne.

Jumanne, 18 Juni

Mama kalifunua leo alasiri. Nilikuwa nyuma ya mlango. Siogopi kusema nilikuwa nyuma ya mlango.

Alikiona kiganja. Kisha akaweka mkono wake juu ya alama, kidole kwa kidole, na akaniita nitoke huko nilikojificha. Akaniambia, "Baba yako alikuwa na kidole kifupi, mwanangu. Mashine ilikula ncha kabla sijamjua. Huyu ana vidole vyote."

Miaka arobaini na mmoja nimekula meza moja na mkono ule.

Hapo Mama akaanza kucheka. Kwanza mabega, kisha sauti. Miezi mitatu sijaisikia. Akauliza nimejipaka wino mwenyewe? Nikasema ndiyo. Mkono mzima? Ndiyo, Mama, mara tatu. Akacheka mpaka kicheko kikageuka, na kikageuka kwangu pia, na mke wangu aliporudi kutoka zamu alitukuta sakafuni tunalia akadhani kuna aliyekufa. Nilimwambia hapana, ni yuleyule.

Dada ameitwa. Amekuja na sindano na uzi mweupe, kila kitu tayari, kama mtu aliyengoja kuitwa toka Jumapili. Nilimwomba radhi kwa habari ya mfuko. Akasema alijua tangu siku ile ya kwanza, ila alidhani nitayaunga tu vibaya, kama kawaida yangu. Hakujua nitayapika.

Kisha Mama akafumba macho na kuanza kupapasa. Mshono wa mfuko anaujua. Tundu la kifungo lililopanuka analijua, na ukingo aliowahi kuushona kwa uzi uliozidi unene. Kwa vidole alilipata kila shati. Hapa palikuwa na doa la siku tulipohamia. Hapa la siku Dada alipofaulu. Akichora kwa kidole, Dada anazungushia uzi mweupe nyuma yake, mshono mdogo mdogo, asipitwe. Mimi nilipewa kazi ya kutunga nyuzi kwenye sindano. Nimeifanya vizuri, nadhani.

Walipofika kwenye kiganja changu Dada akataka kukitoa. Mama amekataa. Amesema kibaki, ni cha mtu aliyezaliwa siku ile.

Jua lilipozama akaomba mto. Tukamsindikiza chumbani, akajilaza kitandani, upande wa kushoto, ule wake, akajifunika. Alianza kutusimulia kola ya lile shati la kijani. Hakuimaliza. Tulisimama pale watu wazima wawili, tumeshikana mikono kama tulivyofanya shuleni, tukisikiliza anavyopumua.

Alhamisi, 20 Juni

Siku ya pili Mama analala kitandani. Hata leo mchana kajipumzisha huko, na bado amelala. Nyumba imetulia. Mke wangu yuko zamu, wali wa mchana ulikuwa mweupe.

Nimepata mafunzo makubwa mwezi huu na nayaandika ili nisisahau. Mashati ya marehemu hayaguswi bila ruhusa. Madoa yake ni mali ya mjane. Sitarudia kosa lile mpaka naingia kaburini.

Saa nane yule msimamizi wa kiwanda alibisha hodi. Hakutaka kuingia. Amesema tangu nilipokwenda hakupata usingizi. Akanipa kifurushi cha karatasi: aproni ya Baba ya kazini. Ilikuwa bado inaning'inia kwenye msumari nyuma ya mashine, jinsi alivyoiacha siku ya mwisho, na hakuna aliyethubutu kuitoa. Akasema nimpe mama mkononi mwake.

Nimeifungua barazani. Imekakamaa kwa wino, inasimama yenyewe. Inanuka Baba. Niliishika kifuani kama robo saa.

Lakini ukweli usemwe, mtu hawezi kumkabidhi mama yake kitu kikiwa katika hali hii. Atafurahi zaidi akiikuta safi. Na hii si shati. Nimelifikiria hilo kwa makini kabla ya kutenda, si kama mara ile. Hakimu ameuliza kutoka mlangoni kuna nini ndani ya ndoo, nikamwambia aende akafanye kazi zake za shule.

Sitatia rangi hata tone. Nimeiloweka tu, ilainike. Maji ya kwanza yametoka meusi tititi. Ya pili meusi. Haya ya tatu yameanza kutakata. Mama huamka saa kumi.