Besi Yangu Imevuka Ukuta

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu mkuu anataka wimbo wa shule. Kaniita mimi, na kamwita shemeji yangu, Kidole Kimoja! Mtu anayebonyeza kinanda kama anatafuta kengele ya mlango gizani. Tutasikilizwa Ijumaa. Mshindi atafundisha kwaya, kazi ya kudumu! Muziki nimejifundisha mwenyewe, sikubebwa na mtu. Bendi yangu ni programu ya kompyuta: naandika kordi, zile sauti za kusindikiza wimbo, nachagua mtindo namba 47, besi na ngoma zinajipiga. Siri hiyo! Mwalimu mkuu anajua nina wapigaji wanne.

Jumanne, 4 Machi
Shemeji anakaa upande wa pili wa ukuta. Nimebandika sikio. Besi yangu! Na ngoma zangu, kasi 112 kamili! Nimemuuliza mama watoto nani kampelekea kaka yake. Akataka kujua besi hubebwa kwa kikapu au kwa sufuria. Akacheka. Anayecheka upesi hivyo ana lake jambo.

Jumatano, 5 Machi
Nimetundika blanketi ukutani. Kisha nimetega: mstari wa tatu nimechomeka kordi mbovu, inakwaruza kama kabati linaloburutwa sakafuni. Akiiba, ataiba na hiyo. Hapo nitamuumbua!

Ijumaa, 7 Machi
Shemeji kaanza. Besi yangu, ngoma zangu. Nimetulia, nasubiri mstari wa tatu. Ukapita laini! Nikaitwa mimi. Nimeshabonyeza kompyuta ndipo nakumbuka: mtego sijautoa. Watoto wa shule waliokuwa wakiimba walipofika mstari wa tatu wakatawanyika, kila mmoja na sauti yake. Nikapiga kelele, mwizi! Shemeji akauliza kwa upole, kumbe na wewe shemeji unatumia ile programu, namba 47? Akasema kila aliyeinunua anao mtindo huo. Mwalimu mkuu akauliza wapigaji wangu wanne wako wapi. Nikasema wana mafua. Wote. Kwaya kapewa Kidole Kimoja.

Jumamosi, 8 Machi
Nimepiga hesabu. Mitindo iko mia mbili. Watu wawili waangukie namba moja? Thubutu! Ukuta huu umetobolewa. Nimeongeza blanketi la pili. Mama watoto analalamika baridi. Aulize kwao. Nimehamia namba 48. Na wimbo wa tangazo la duka la magodoro, ninaoupeleka Jumatatu, nimeutega mapema zaidi: mstari wa kwanza kabisa.