Mabosi Wawili, Mchoro Mmoja

Jumatatu, 4 Machi

Theluji tena hapa Milwaukee. Kiwandani kwetu, tunakounda pampu, mimi mchoraji nina mabosi wawili: Marlene wa uhandisi na Dale wa mradi wa hospitali. Watu hunionea huruma. Ya nini! Marlene akidai michoro, nasema Dale kanibana. Dale akidai, nasema Marlene kanibana. Miezi minane ya raha mustarehe.

Leo tangazo: siku mbili za mafunzo kwa wenye mabosi zaidi ya mmoja. Mkufunzi ni Bi Lorraine kutoka Chicago. Nimemwambia Marlene kwamba Dale hataki niende. Nimemwambia Dale kwamba Marlene hataki. Kwisha kazi.

Jumanne, 5 Machi

Nimeenda. Kila mmoja kaamua kunipeleka ili amkomoe mwenzake!

Lorraine katugawia kadi. Andika kazi zako, nani kakupa, nani anaamua ipi itangulie. Nikachungulia ya Ramona, mchoraji mwenzangu, nikanakili. Lorraine akashangaa: watu wawili, mchoro mmoja wa pampu ya hospitali?

“Huo mchoro ni wako, Vernon,” Ramona akasema. “Ila nimeuchora mimi, Jumamosi nzima. Mama yangu alikuwa anatimiza miaka themanini kule Green Bay. Dale aliniomba, eti wewe Marlene kakubana.”

Hakupaza sauti. Nikahisi kitu tumboni. Njaa, nadhani. Nikala soseji mbili. Kikabaki palepale.

Jumatano, 6 Machi

Maigizo, na leo mabosi nao wamealikwa. Mimi bosi, Marlene mfanyakazi. Akalegeza mabega, akakuna kichwa: “Bosi wangu, ningependa kweli, ila Dale kanibana, we acha tu!”

Sauti yangu kabisa! Ukumbi ukaangua kicheko. Dale alicheka hadi machozi. Halafu akajifuta macho. Akamwuliza Marlene, hiyo ilikuwa wiki ipi? Wakafungua kalenda zao, wakaziweka sambamba. Lorraine akasema ni mfano bora kuliko yote aliyowahi kuiona. Hakusema mfano wa nini.

Ijumaa, 8 Machi

Wameniita wote wawili. Nilikwenda na boksi la vitu vyangu tayari. Hawakunifukuza! Ramona kapewa wiki nzima akakae na mama yake. Akirudi, yeye ndiye atakayenipangia kazi. Wao watakuwa wanamwuliza yeye. Dale akaniomba nirudishe boksi stoo.

Jumatatu, 18 Machi

Ramona karudi, kaleta keki. Kanipa kipande kabla ya wengine. Kisha kaniomba kwa upole mchoro wa vali ya pampu kabla ya saa sita.

Mabosi watatu sasa! Uwanja umepanuka. Nikamwambia ningeufanya kwa moyo mmoja, tatizo Marlene na Dale wameniwahi, tena wote kwa pamoja.

Akasema sawa, akanyanyua simu.

Mwelewa sana, huyu dada. Nikaenda zangu kunywa kahawa.