Wiki Niliyong'arisha Kompyuta ya Mwalimu Leonardi

Jumatatu, 1 Agosti 2016

Telesphory ameweka kibao kipya. Kimeandikwa: TUNATENGENEZA KOMPYUTA ZA KISASA. Duka lake linatazamana na langu hapa Buzebazeba, Kigoma, kwa hiyo nakisoma kila ninapoinua kichwa. Maana yake mimi natengeneza za kale. Ni kweli, lakini si lazima mtu aandike.

Habari kubwa. Alhamisi anakuja Bi Agnesi wa shirika linalofundisha watoto kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Anatafuta fundi wa kutunza kompyuta zao. Atapita kwa Telesphory, atapita na kwangu, aone kazi. Nikamwambia mke wangu Hasna kwamba nafasi hiyo ni yangu. Akaniuliza kazi ipi nitamwonyesha. Nikatazama mezani. Feni ya jirani na pasi yetu wenyewe.

Mchana Mungu akaleta mteja. Anaitwa Mwalimu Leonardi, Mrundi wa Rumonge. Alivuka ziwa mwaka jana na wakimbizi wenzake, sasa yuko Nyarugusu. Amepewa kibali amlete mama yake hospitali, Ijumaa wanarudi kambini. Alikuwa amebeba kitu mgongoni kwa kitenge. Nilidhani mtoto. Kumbe kompyuta, ile ya zamani ambayo kioo na mashine vimo ndani ya gamba moja. Haiwaki. Anawafundishia watoto kupiga chapa.

Aliniomba mambo mawili. Nitazame umeme wake, na gamba nisiliguse. Nikasema sawa, Mwalimu. Nilisema kwa moyo safi kabisa.

Jumanne, 2 Agosti

Imewaka. Kapasita mbili zilikuwa zimevimba, nikabadilisha, kioo kikaamka. Kazi safi. Hapo ndipo nilipopaswa kufunga duka.

Lakini Telesphory akaja kuazima bisibisi. Akaitazama mashine. Gamba lake limeiva njano, unajua plastiki za zamani zinavyokuwa. Akaniuliza kama hiyo ni kompyuta au dumu la mawese. Wateja wake waliokuwa barazani wakacheka. Mmoja akaniuliza lita bei gani.

Bisibisi nilimpa. Sijui kwa nini nilimpa.

Baada ya hapo nilisoma kwenye simu. Wazungu wanaopenda kompyuta za kale wanazirudishia weupe kwa dawa ya saluni, ile ya peroksaidi ya kupausha nywele. Unapaka, unafunga kwa nailoni, unaanika juani. Saluni ya Hasna imepakana na duka langu. Hasna alikuwa amekwenda Kasingirima kwa mama yake. Kopo la dawa halikuwa limekwenda popote.

Nimejaribu kwanza kwenye kibodi mbovu. Imetoka na mistari kama punda milia. Nimegundua kosa: lazima dawa ienee sawasawa. Nimegundua na jingine. Nilijifuta jasho kwa mkono wenye dawa. Nusu ya sharubu zangu sasa ina rangi ya katani.

Hasna aliporudi alinitazama muda mrefu. Nikamwambia ni umri. Akauliza kwa nini umri umenijia upande wa kushoto tu.

Jumatano, 3 Agosti

Nimefikiri sana. Mwalimu alisema nisiliguse gamba. Nimevaa glavu. Kwa hiyo sijaligusa.

Tena ni hisani. Mtu amekimbia vita, amelala chini ya turubai, hana kitu kizuri. Nitamrudishia mashine yake ikiwa kama imetoka dukani leo. Atafurahi. Na kama Bi Agnesi atapita kabla yake na kuiona, hilo ni jambo la pembeni.

Nikalivua gamba, nikalipaka dawa kwa brashi ya nywele, nikalifunga nailoni, nikalianika juu ya paa la choo. Jua la Agosti halina mchezo. Nikawa napanda kuligeuza kama mtu anayeanika dagaa.

Kasoro ilikuwa moja. Kando ya kioo palikuwa na doa jeupe, lenye umbo la ua. Ni kama palibandikwa karatasi zamani, ikatoka, na chini yake plastiki ikabaki na rangi yake ya kwanza. Doa baya, linavuruga macho. Nililishughulikia kwa bidii maalumu. Nikaongeza dawa pembeni yake mpaka njano ikaisha na ua likapotea. Ukipitisha kidole hujui lilikuwa wapi.

Jioni gamba lilikuwa jeupe kama ganda la yai. Nimelirudisha kwenye mashine na kuiweka mezani, ikitazama kwa Telesphory. Alisimama mlangoni kwake akaiangalia. Akarudi ndani. Nimelala nikiwa mtu mwenye furaha kuliko wote Ujiji.

Alhamisi, 4 Agosti

Sitaki kuandika. Naandika kwa sababu nikinyamaza nalisikia swali lile lile.

Bi Agnesi alikuja asubuhi, na Telesphory nyuma yake, amejialika mwenyewe. Bi Agnesi akaiona mashine, akavua miwani, akavaa tena. Akasema hajaona kazi kama hiyo hata Dar es Salaam. Nikamweleza jinsi nilivyolishinda lile doa. Akauliza kama mashine ni yangu. Nikasema ni ya mwalimu mmoja mkimbizi. Akauliza, akiwa ameshaanza kutabasamu, kama mwenyewe ndiye aliyeomba ing'arishwe.

Nikasema, "Ndiyo, Bi Agnesi. Ameniomba sana."

Mwalimu Leonardi alikuwa ameshaingia. Sikumsikia. Amevaa kandambili, anatembea taratibu.

Hakuitazama mashine yote. Alikwenda moja kwa moja kando ya kioo, akaweka kidole pale pale. Akakisogeza juu kidogo. Akakirudisha chini. Akainama akatazama kwa ubavu, kama mtu anayetafuta mkwaruzo. Sote watatu tulisimama tunamtazama akitafuta.

Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Fundi, ua liko wapi?"

Nikasema lilikuwa doa.

Akasema, "Ndiyo. Lilikuwa la Melania."

Melania alikuwa mke wake. Alipiga chapa kwenye mashine hiyo ofisini parokiani, Rumonge. Wiki waliyooana alikata ua la karatasi ya dhahabu akalibandika hapo. Likakaa miaka. Walipovuka ziwa likalowa likatoka, lakini kivuli chake kikabaki kwenye plastiki. Melania alikufa Kagunga kwa kuhara, siku walizokuwa wamerundikana ufukweni wakingoja meli ya kuwaleta Kigoma. Picha zao zilibaki kwenye nyumba. Nyumba haipo.

Bi Agnesi alifunga mkoba wake polepole. Hakuniambia kwamba nimesema uongo. Aliniaga kwa heshima, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Mwalimu akawasha mashine. Ikawaka. Akanishukuru kwa lugha yao, "Urakoze cane," akasema umeme uko vizuri na ataipitia kesho. Nilitaka anitukane. Nilisimama tayari kabisa, nimeshika ukingo wa meza.

Telesphory hakucheka. Alitazama chini, akavuka barabara, akashusha pazia la duka lake. Nimemjua tangu shule ya msingi. Hajawahi kunionea huruma. Sikujua inauma hivyo.

Ijumaa, 5 Agosti

Kazi ya shirika amepewa Telesphory. Sawa.

Asubuhi nilijaribu kulirudisha ua. Nilipaka chai ya rangi kote ili gamba lirudi njano, nikiacha nafasi ya ua. Ikateleza. Nikapaka manjano ya mchuzi. Ikashika, lakini kwa mabakabaka, kompyuta ikawa kama ina homa ya ini. Ua nikalichora kwa wino mweupe wa kufutia makosa. Lilitoka kama buibui.

Mwalimu akanikuta na brashi mkononi. Nikasema yote. Kwamba nilisikia alichoniomba. Kwamba nilitaka kuonekana. Sikuweza kumtazama usoni, nikawa nayaambia magoti yake.

Akamtazama yule buibui. Akatoa sauti. Nilidhani analia, kumbe anacheka, halafu sikujua tena ni kipi.

Akasema, "Melania angekucheka mpaka akae chini. Ua lake lilikuwa na vidole vitano. Wewe umeweka vinane."

Akaomba kitambaa chenye maji. Tulilifuta gamba pamoja mpaka likawa jeupe tena. Kisha akamwomba Hasna mkasi na karatasi ngumu. Akakata ua, vidole vitano, hakupima, mikono ilikuwa inajua. Akalibandika palepale.

Nikamuuliza litasaidia nini. Akasema plastiki itazeeka tena, si ndiyo? Nikasema ndiyo, kwa jua na miaka. Basi, akasema, itaiva njano pembeni na kubaki nyeupe chini ya ua. Jua Nyarugusu lipo. Miaka nayo, kwa anavyoona mambo ya kwao, ipo.

Akaifunga mgongoni kwa kitenge, akaenda kumchukua mama yake. Hasna akaniwekea chakula, akageuza kiti chake upande wa ukuta.

Nimeapa. Kitu cha mtu ni cha mtu, na alama yake ni yake. Sitagusa tena kisichoniomba.

Jumapili, 7 Agosti

Tumekuja Kasingirima kwa mama mkwe. Hasna bado hanisemeshi vizuri, nami natafuta njia ya kumfurahisha.

Nimeipata. Sebuleni kuna redio ya marehemu baba mkwe, gamba la plastiki, imeiva njano kabisa, aibu kwa wageni. Mama mkwe anaipangusa kila siku lakini mpanguso hausaidii. Ametoka na Hasna kwenda msibani, hawarudi mpaka alasiri. Jua ni zuri. Na katika mfuko wa koti nimekuta nimebeba kopo, sijui lilifikaje.

Sitawaambia. Nataka washangae.

Kazi yenyewe ni ndogo. Kuna baka moja tu kando ya kitufe cha sauti, umbo la kidole gumba, kama vile mtu alizoea kukiweka hapo kila jioni. Naanza na hilo.