Nyati Mwenye Hereni

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Paa letu hapa mtaa wa Jericho, Nairobi, linavuja pale pale lilipovuja mwaka jana: juu ya kiti changu. Kiti cha mke wangu, Khavere, kikavu. Yeye anasema ni ishara. Sikuuliza ya nini.

Nimeamua. Uchaguzi wa Chama cha Faraja ni tarehe 27, nami nautaka uenyekiti. Chama chetu hupeleka maiti za wanachama na jamaa zao hadi makwao, zikazikwe kwa heshima. Mwenyekiti huketi kiti cha mbele cha basi. Huzungumza wa kwanza kaburini. Hupakuliwa nyama kabla ya mchungaji! Jirani yangu Ng'ang'a amekikalia cheo hicho miaka tisa, na sababu ni moja tu: cheti chake cha kupanda Mlima Kenya. Kimetundikwa sebuleni kwake chini ya saa, ili ukitaka kujua wakati ukione.

Mimi eti sina miguu. Eti Novemba, kwenye maziko ya Shinyalu, basi lilikwama nikabaki ndani kwa ajili ya magoti, wenzangu wakibeba jeneza matopeni. Eti nilikula njugu za mwenyekiti. Zilikuwa njugu chache.

Leo Ayuma, katibu wetu, amesema mbele ya watu wote kwamba atakayegombea aonyeshe miguu kwanza. Nitaionyesha. Napanda mlima huo huo, tena msimu wa mvua. Ng'ang'a alipanda Februari, kama mtalii.

Sehemu ya pili ya mpango sijamwambia mtu. Mwezi huu mlima wote umo ndani ya ukungu. Na kwenye ukungu, picha ya kileleni na picha ya getini ni picha moja.

Alhamisi, 10 Aprili

Mazoezi. Simiyu, tuliyefanya naye kazi stoo ya kiwanda Industrial Area, anaishi mtaa wa Pipeline, ghorofa ya nane. Nilikusudia kupanda ngazi zake mara kumi. Maji yalikuwa yamekatika. Mama mmoja, Kavata, aliniona napanda mikono mitupu, akaniuliza mzee mzima kama sioni aibu. Nikambebea mtungi hadi ghorofa ya sita. Mlango wa pili ukafunguka. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimebeba mitungi mitano ya watu nisiowajua, na kwa Simiyu sijafika. Alinipigia simu kuuliza kama nimepotea.

Magoti: la kushoto linalia, la kulia linasikiliza.

Jumamosi, 12 Aprili

Viatu. Nimekwenda Soko la Burma kumwomba Nabiswa, mwenye bucha, aniazime gambuti zake nyeupe. Mpira mzuri, hazipitishi maji. Akaniuliza kama nimepata kazi machinjioni. Nikamwambia naenda likizo mlimani. Wateja walicheka hadi wakasahau foleni. Mmoja akasema likizo ya mzee wa Jericho ni kulazwa.

Wacha wacheke. Wakati wa kurudi mbwa wawili walinifuata hadi mlangoni, wakiniangalia kwa unyenyekevu. Mnyama humtambua kiongozi kabla ya mwanadamu.

Jumanne, 15 Aprili

Naro Moru, chini ya Mlima Kenya. Mvua. Wa kunipandisha ni Kiarie, mtu wa makamo mwenye uso wa kuona wageni wengi. Anasema wanaokuja Aprili ni wa aina mbili: wenye wazimu na wanaotoroka kitu. Akataka kujua mimi ni yupi. Nikamwambia mimi ni mgombea. Akasema basi ni wote wawili.

Kisha akanusa. Akaziangalia gambuti, akauliza zimetoka wapi. Nilipomweleza alisogea hatua kumi mbele, na pengo hilo hakulipunguza mpaka jioni. Mlimani kuna fisi, alisema, na yeye ana watoto watatu.

Jumatano, 16 Aprili

Tulianza saa kumi na mbili asubuhi. Kwanza mianzi. Kisha miti yenye ndevu. Kisha kinamasi kilichosimama wima. Sina jina jingine la kukiita. Nilizama hadi goti. Mguu ulitoka, gambuti haikutoka. Kiarie alilala kifudifudi akaivuta dakika ishirini, akiomba kwa Kikuyu. Ilipotoka akaniambia, "Mzee, mlima umekurudishia kiatu. Usiuombe kitu kingine." Tukageuka. Nilikubali upesi kuliko heshima inavyoruhusu.

Wakati wa kushuka ukungu ulifunguka kidogo upande wa magharibi. Tuliishi chini ya Mlima Elgon hadi mwaka 1992, nyumba zetu zilipochomwa kwenye ghasia za ardhi. Elgon hauonekani kutoka hapa hata siku ya jua, jiografia naijua. Niliutafuta hata hivyo. Kwenye daftari la chama kila mwanachama ana safu iliyoandikwa "Nyumbani", ili basi lijue liende wapi. Yangu ina kistari.

Ukungu ukafunga. Afadhali.

Alhamisi, 17 Aprili

Picha! Nimepigiwa hatua chache chini ya geti la mlima, kando ya ua wa shamba la mtu. Ukungu mzito, huoni mita tano. Nilisimama juu ya jiwe, fimbo hewani, kifua mbele. Nikamwomba Kiarie, mtu akimpigia simu, aseme ni kilele cha Lenana. Akajibu kwamba kazi yake ni kupiga picha, chuku nitapiga mwenyewe. Mtu mwema, lakini hana akili ya siasa.

Nyuma yangu pichani kuna kitu cheusi na cheupe. Jiwe, nadhani.

Jumapili, 20 Aprili (Pasaka)

Baada ya ibada simu yangu ilizunguka uani kwa Ng'ang'a mkono kwa mkono. Ayuma alinisalimu kwa mikono miwili. Khavere aliniletea chai bila kuombwa, jambo lililonitia hofu kidogo.

Kisha Tiffany, mjukuu wa Ng'ang'a, msichana mwenye macho mengi kuliko adabu, akaikuza picha kwa vidole viwili. "Mzae, na hii kitu iko nyuma yako? Mbona iko na masikio?"

Kufikiri haraka ni kipaji. Nikasema ni nyati. Kileleni? Kileleni, nikasema, mvua huwafukuza kutoka huko chini. Alininyemelea saa nzima, nikamtuliza kwa macho. Vigelegele! Ayuma aliandika neno "nyati" kwenye kumbukumbu za chama.

"Na hereni ya njano?" akauliza Tiffany. "Nyati wa huko wanaendanga saluni?"

Nikasema serikali huwavisha ili iwahesabu.

Ng'ang'a aliichukua simu, akaisogeza karibu na miwani. Yeye ni mtu wa Kinangop, amelelewa katikati ya ng'ombe wa maziwa. Aliitazama hereni ile muda mrefu, midomo ikicheza kama mtu anayesoma namba. Kisha akanirudishia simu na kunipigia makofi kuliko wote. Ameshindwa, maskini. Nilimwonea huruma njia nzima, yaani milango mitatu.

Jumapili, 27 Aprili

Uchaguzi. Ng'ang'a alisimama kwanza. Nilijiandaa kwa matusi. Badala yake akasema amechoka, na kwamba chama kinahitaji mtu aliyemtazama nyati akamtuliza. Akajiondoa! Mikono yote ikapanda. Wa Khavere haukupanda. Alikuwa anacheka ndani ya leso. Mwenyekiti Luseno! Nilitamka jina hilo mara mbili moyoni kabla makofi hayajaisha.

Ng'ang'a akaomba jambo dogo tu, awe mshauri. Katiba inasema mshauri hasafiri, hushauri akiwa Jericho. Ikapita. Akanikumbatia mbele ya watu, akaninong'oneza sikioni, "Mheshimiwa, nyati wako anatoa lita ngapi kwa siku?"

Ayuma alikuwa tayari anasoma ajenda. Teresiah, mwanachama mwenzetu, amefiwa na mama yake. Maziko ni Jumamosi, Kinangop, mlimani kabisa, mahali ambapo basi halifiki. Kilomita nne za mwisho ni kwa miguu, na mwenyekiti hutangulia jeneza. Nikauliza kwa nini mshauri asije, maana ni kwao. Ng'ang'a akasikitika sana. Katiba, akasema. Katiba aliiandika yeye.

Jumamosi, 3 Mei

Kiti cha mbele cha basi kina dirisha lisilofungwa. Miaka tisa Ng'ang'a hakulitaja hata mara moja.

Basi liliishia barabara ilipoishia. Nikavaa gambuti za Nabiswa, sikuwa na nyingine. Wabebaji wakaita, "Mwenyekiti, tangulia!" Nikatangulia. "Mwenyekiti, kuna shimo kulia!" Nililiona, nikiwa ndani yake. Kwenye kilomita ya pili mbwa wa kwanza alijiunga nasi. Kufikia kaburini walikuwa saba, nyuma yangu, mbele ya jeneza, wametulia kama wazee wa kanisa. Mchungaji aliuliza kama ni wa chama.

Nilizungumza wa kwanza. Mvua ilizungumza kwa sauti zaidi. Teresiah alinishika mkono akasema ahsante kwa kumfikisha mama nyumbani. Nilikuwa na hotuba nzima tayari, kurasa mbili. Nikasema karibu.

Nyama ilipopakuliwa nilikuwa kwenye tangi la maji, naogeshwa matope. Mchungaji akapakuliwa wa kwanza.

Nilishuka kwa mkokoteni wa punda, kati ya madebe ya maziwa. Mwenye punda aligeuka akanitazama, akaniuliza kwa heshima kama ndimi yule wa nyati. Nikamuuliza amejuaje. Alisema Ng'ang'a alipiga simu.

Jumapili, 4 Mei

Kitandani. Magoti yote mawili yanalia sasa. Khavere ananikanda kwa maji moto, anauliza nimejifunza nini. Swali zuri.

Ayuma ameleta daftari la chama, maana mwenyekiti ndiye hulitunza. Nilifungua ukurasa wangu. Juu ya kistari mtu ameandika kwa penseli: Jericho. Mwandiko ni wa Ng'ang'a. Nilikaribia kuguswa. Kisha nikatambua kwamba mzee yule anataka nizikwe karibu ili asitembee. Sikufuta, lakini. Daftari la chama halifutwi ovyo.

Jioni alikuja mwenyewe, na njugu. Nyingi. Akanijulisha kwamba wapo wanachama wawili wagonjwa, mmoja kwao ni Murang'a kwenye miteremko, mwingine Maragoli kwenye mawe. Tangu nijiunge na kanisa sijawahi kumwombea mgonjwa kwa dhati kama nilivyowaombea hao wawili.

Sasa, nilichojifunza. Ukungu haukuwa na kosa. Ukungu ulifanya kazi yake. Kosa lilikuwa ng'ombe.

Cheo cha kutamaniwa katika chama hiki ni cha mshauri. Kinagombewa Desemba. Novemba mvua zinarudi, na milima ya Aberdare, nasikia, ina ukungu mzito kuliko ule. Nimempigia Kiarie simu kumuuliza jambo moja tu: kando ya geti la huko, watu wanafuga nini?

Simu ilikatika. Mtandao wa mlimani ni dhaifu sana msimu wa mvua.