Risasi Mbili za Marehemu Baba

Jumatatu, 12 Agosti

Mvua tangu asubuhi. Ukungu umeingia hadi kwenye mibuni. Gazetini kuna mtu wa wilaya jirani aliyekamatwa na bunduki isiyo na jina lake. Nimeirudia habari hiyo mara kadhaa, na kila nikiisoma mtu yule anazidi kufanana na mimi.

Baba alifariki Aprili. Bunduki yake ya mitutu miwili bado inaning'inia juu ya mlango wa chumba cha taa ya mababu, na cheti bado kina jina la marehemu. Sheria inamtaka mrithi aripoti. Mrithi ni mimi. Sijaripoti kitu!

Dada Bojamma anasema niende kituoni tu, niseme baba hayupo, nibadilishiwe jina. Eti sisi Wakodava tuna ruhusa ya bunduki tangu enzi za mababu, kila nyumba hapa Kodagu imepitia hayo. Rahisi kwake. Hatafungwa yeye.

Na wakiichukua? Sikukuu ya silaha ni tarehe tatu Septemba. Tangu nyumba hii isimame, haijatandika mkeka mbele ya taa bila bunduki juu yake. Nilikaa Bombay miaka arobaini nikisahihisha vitabu vya watu, sikukuu zikinipita. Baba aliziadhimisha peke yake. Ya mwaka huu ni zamu yangu. Mkeka mtupu? Afadhali nife.

Jumanne, 13 Agosti

Mpango: kuingia kituoni kama mtu anayejipitia, nimsome uso Inspekta Shivalingu. Nikiona huruma, nitasema.

Sikuona huruma. Niliona masharubu. Akaniuliza nina shida gani, mzee wangu. Nikaripoti kupotelewa na mwavuli.

Akauliza wa rangi gani. Mweusi. Akautazama ulioning'inia mkononi mwangu, akauliza kama ulifanana na huo. Nikasema ni pacha wake.

Akaandika, tena pole pole. Sasa najulikana serikalini!

Jumatano, 14 Agosti

Amekuja Belliappa, mtoto wa baba mdogo. Hajasalimu vizuri, keshainua macho ukutani. "Bwana Bombay, hiyo kitu bado ni ya marehemu?" Akanikumbusha kwamba jina halibadilishwi bila ndugu kutia sahihi ya kukubali. Yeye atatia, tena kwa moyo mweupe, mradi siku ya sikukuu aiweke yeye mbele ya taa. Eti mikono yangu imezoea kalamu, nisije nikaishika kichwa chini.

Nyoka!

Alipoondoka nikaizika bunduki ndani ya ghala la mpunga. Isipoonekana haipo. Nilifurahi hadi wakati wa chakula, Bojamma alipoenda kuchota mpunga, akashika mtutu. Ukelele wake uliwatimua kunguru wote. Anataka kujua nimezeeka au nimeanza wazimu, maana dawa zake ni tofauti. Bunduki imerudi ukutani. Madonge ya wali ya leo yananuka mafuta ya bunduki. Nimeyala yote.

Ijumaa, 16 Agosti

Balaa jipya. Katika mfuko wa koti la sufu la baba kuna risasi mbili! Koti bado lina harufu yake, tumbaku na moshi wa jikoni. Nilikaa nalo kidogo kabla woga haujanirudia. Bunduki ni kosa moja. Risasi ni kosa jingine. Nizitupe mtoni? Mto umefurika, utaziacha mlangoni pa mtu.

Nimepata. Risasi iliyopigwa si risasi tena. Kesho Bojamma akienda sokoni, nitazipiga hewani huko nyuma ya mibuni. Zote mbili kwa haraka, watu wasipate nafasi ya kujua zinatokea wapi.

Jumamosi, 17 Agosti



Nilipiga. Pa! Pa! Kimya. Nikajipongeza. Nilikuwa bado nang'oa ruba mguuni nilipowaona wakipanda njia ya kwetu, kijiji kizima, wamevaa nyeupe.

Nilisahau! Miaka arobaini Bombay, nikasahau kwamba kwetu milio miwili inayofuatana ni tangazo la msiba.

Nyumba hii ina watu wawili. Mimi walinikuta nimesimama. Wakahesabu waliobaki, wakaanza kumlilia Bojamma. Belliappa alilia hadi akakaa kwenye tope, akisema nani sasa atamgombeza. Nilijaribu kueleza. Wakaniambia nilie tu, nisijikaze.

Ndipo Bojamma akatokea na samaki wake. Kuona nyeupe ya msiba, akajua nimekufa mimi, akapiga yowe. Kisha akaniona nimeshika bunduki. Samaki walinipiga shavu hili, wakarudi na lile.

Nyuma yake, kofia kwapani, amekuja kutoa pole: Shivalingu.

Nikainua mikono juu. Bunduki ilikuwa bado mikononi. Watu wakalala chini. Nikakiri yote, hata mwavuli.

Inspekta alinisikiliza hadi mwisho. Akasema kuripoti ni shughuli ya dakika chache, na ningekuja Aprili angeninywesha kahawa. Cheti cha kifo, sahihi za ndugu, basi. Kupiga risasi ovyo ndilo kosa, na kwa hilo ananionya mara moja tu. Bunduki akaondoka nayo, hadi jina libadilike.

Ukutani kumebaki alama yake, nyeupe. Siwezi kuitazama.

Jumatatu, 19 Agosti

Belliappa ametia sahihi bila sharti. Bojamma alikaa mbele yake akimtazama. Mtu aliyekulilia kwenye tope hawezi tena kukuwekea masharti.

Jumanne, 3 Septemba

Cheti kimetoka jana! Jina langu! Leo nimeiweka bunduki mbele ya taa kwa mikono yangu, ua jekundu mdomoni mwa mtutu. Haikuwa kichwa chini. Nilimwambia baba nimechelewa, lakini nimekuja. Machozi kidogo. Belliappa alijifanya hajaona.

Inspekta ni mgeni wetu. Yuko barazani, sahani ya tatu. Amenishika bega, akasema siku nyingine nikiwa na jambo nimwambie, haogopwi yeye.

Maneno mazuri. Nimeyaweka moyoni.

Kisha nikapanda darini kuchukua sufuria kubwa. Kuna kitu kirefu ndani ya gunia. Gobori! La babu, bila shaka. Halina cheti wala jina.

Nimwambie? Yuko hatua chache tu, analamba vidole. Lakini ataniuliza kwa nini sikulisema lile gobori mara ya kwanza. Atasema nilificha. Hapana. Nimetafakari vizuri, tena kwa utulivu. Nyuma ya banda la nguruwe udongo ni laini.

Nilikuwa nimeanza tu kuchimba, gunia nimelifunika majani, Shivalingu akanifuata. Nikasema napanda mpilipili. Akavua kofia, akaninyang'anya jembe, eti mzee hachimbi mgeni akiwepo.

Mtu mwema sana. Nimekaa pembeni naandika. Ananiuliza kama urefu wa shimo unatosha. Nimemwambia aongeze kidogo.