Mwalimu Agyekum na Chungu cha Kina Mama

Katika mji mzima wa Mampong hapakuwa na mtu aliyejua mambo kama Mwalimu Agyekum. Kama huamini, ungemuuliza mwenyewe. Na hata usipomuuliza, angekuambia!

Alikuwa amefundisha kemia miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo yote neno "sijui" halikuwahi kupita mdomoni mwake. Alijua kwa nini mvua imechelewa. Alijua kwa nini kuku wa jirani hatagi. Alijua hata namna ya kutwanga fufu laini, lile donge la mihogo iliyochemshwa, ingawa mchi hajawahi kuushika!

Ijumaa moja, bei ya sabuni ilipopanda tena, akatoka uani amekunja mikono ya shati.

"Mama Dufie, sabuni tutatengeneza wenyewe. Ya mwaka mzima. Leo!"

Mkewe Birago alikuwa akimenya mihogo. Kila mumewe aliposema "leo", kitu fulani nyumbani kiliumia.

"Haya, pipa la chuma liko nyuma ya choo," akawahi. "Wapika sabuni wote wanatumia chuma."

"Lina kutu! Sayansi haipikwi kwenye kutu." Macho yake yakatua kwenye chungu kikubwa cha alumini, kimefunikwa kitenge kama mgonjwa.

"Hicho usikiguse, baba, nakusihi!"

Kilikuwa chungu cha umoja wa kina mama, kilichowalisha waombolezaji tangu Birago hajaolewa. Kukitunza ni heshima. Birago alikuwa ameingojea heshima hiyo miaka kumi na moja, na alikuwa na mwezi mmoja tu tangu achaguliwe. Jioni ile ile wangekuja kukichukua, maana kesho yake kulikuwa na mazishi.

"Nitakirudisha kinang'aa hadi wasikitambue," Mwalimu akasema. Hapo, kwa kweli, hakukosea sana.

Akavaa miwani. Akamimina maji. Akamimina kostiki, zile chembe nyeupe kali zinazobabua ngozi, pakiti baada ya pakiti.

"Sasa sikiliza nikuelimishe," akasema huku akikoroga kama mfalme anayepima dhahabu. "Kuna ndugu wanane wa jedwali la elementi wamekaa msibani, mstari mmoja wa viti. Kushoto kabisa ni Sodiamu. Huyo ana hasira! Akiona maji tu, anaruka. Ndiye aliyemo humu kwenye kostiki. Jirani yake Magnesiamu ana nafuu. Kule kulia wamekaa Salfa na Klorini, wachachu hao, ukoo wa asidi. Na kiti cha mwisho yupo Argoni, shemeji mwenye majivuno, hasalimiani na mtu!"

"Na hapo katikati?"

"Silikoni, aliyemo kwenye mchanga wa mtoni, hata umwagie maji hashtuki. Fosforasi, mpenda kuwaka. Na Alumini! Huyo ni ndumilakuwili. Mletee asidi, anapigana nayo. Mletee magadi makali, anapigana nayo vilevile!"

Birago aliachia shule darasa la sita, lakini masikio yake hayakuacha kitu. Akaweka kisu chini.

"Mwalimu, chungu hicho ni cha nini?"

"Alumini safi!"

"Na ulichomimina?"

"Kostiki, magadi makali."

"Sasa si watapigana?"

Mwalimu akacheka kwa huruma. "Hayo ni ya kwenye daftari, Mama Dufie. Hiki ni chungu."

Chungu kikaanza kunong'ona. Kisha kikanguruma. Povu la kijivu likapanda, mvuke ukasimama uani.

"Unaona? Kinachemka bila moto! Elimu haina haja ya mkaa!"

"Mbona povu linakuwa jeusi?"

"Uchafu wa misiba unatoka!"

Akawasha kiberiti ili achungulie vizuri ndani ya mvuke.

PUU! Gesi ya ugomvi ule ikashika moto.

Masharubu aliyoyalea tangu chuoni yakaondoka bila kuaga. Nyusi moja ikayasindikiza. Kabla hajamaliza kujipapasa, kitako cha chungu kikatoboka, kostiki ikafuata kandambili zake, na Mwalimu akaruka kuliko Sodiamu! Birago akammwagia ndoo tatu za maji miguuni, huku akilia kwa ajili ya chungu.

Wakati huohuo kina mama wakabisha hodi. Mbele yao alikuwa Nana Pokuaa, mkuu wa umoja. Bibi huyo akakiinua chungu, akachungulia kwenye tundu.

"Ninaliona kanisa," akasema. "Mwalimu, desturi yetu ni fupi. Aliyekosa kwa kutojua ataomba radhi, atampelekea fundi akizibe, yameisha. Aliyekosa huku anajua atatoa kondoo, na chungu kitahamia kwa mtunzaji mwingine. Sasa niambie: ulijua kostiki inakula alumini, au hukujua?"

Birago akauokota mfuniko wa chungu.

"Nana, kisayansi..."

"Sijauliza kisayansi."

"Miaka kumi na tisa nafundisha..."

"Kwa hiyo ulijua?"

Mwalimu akamtazama mkewe. Birago alikuwa ameukumbatia mfuniko kifuani kama mama aliye karibu kunyang'anywa mtoto.

"Sikujua," akasema, sauti ya mbu.

"Eti? Sikio langu hili la zamani."

"SIKUJUA!"

Majirani wakachungulia juu ya ukuta. Nana Pokuaa akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Yameisha."

Birago akajifuta machozi, akapangusa mikono polepole. Akapiga goti kwa adabu.

"Samahani, Nana," akasema. "Na mimi sikusikia vizuri."